Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jenomu na kromosomu za jinsi za wadudu

Wengi wetu tulitoka sekondari na sentensi moja kichwani: XX ni jike, XY ni dume. Kwa binadamu sentensi hiyo inafaa. Kwa wadudu itakupoteza siku ya kwanza tu. Huko kuna madume wasio na baba, majike wanaobeba kromosomu ya pekee ambayo dume hana, na spishi moja ya nzi ambayo hata yenyewe haijakubaliana kromosomu ipi itengeneze dume. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi. Mengine nimeyajibu kwa ufupi, mengine kwa urefu, kwa sababu hayana uzito sawa.

Jenomu ni nini hasa, na kromosomu inaingia wapi?

Jenomu ni maandishi yote ya DNA ya kiumbe, toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Maandishi hayo hayako kwenye uzi mmoja, yamegawanywa kwenye nyuzi kadhaa, na kila uzi ni kromosomu. Jeni ni kipande cha uzi chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Kromosomu za jinsi ni zile zinazotofautiana kati ya dume na jike. Zilizobaki zote nitaziita kromosomu za kawaida.

Ni kweli nzige ana DNA nyingi kuliko mimi?

Ni kweli, tena kwa mbali. Jenomu ya binadamu ina herufi bilioni 3 na kidogo. Ya nzige mhamaji, iliyosomwa mwaka 2014, ina bilioni 6.5, na ya nzige wa jangwani inakaribia bilioni 9. Mwaka huohuo wa 2014 ilisomwa pia jenomu ya kidudu kimoja cha jamii ya nzi cha Antaktika, kisicho na mabawa, Belgica antarctica, ikakutwa na herufi milioni 99 tu.

Ukihesabu jeni, tofauti hiyo kubwa inayeyuka. Kidudu hicho cha Antaktika kina jeni zaidi ya 13,000, nzige ana kama 17,000. Kinachojaza jenomu ya nzige si jeni mpya, ni vipande vya DNA vinavyojinakili na kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Vipande hivyo huingia katikati ya jeni na kati ya jeni na jeni, na nzige ni mzito wa kuvifuta. Kwa spishi nyingine ufutaji ni wa kasi, kwa hiyo jenomu inabaki nyembamba. Ukubwa wa jenomu, basi, ni kama hesabu ya mfuko: kinachoingia ukitoa kinachotoka. Hauna uhusiano na akili wala ugumu wa maumbile ya mdudu.

Idadi ya kromosomu je? Ina maana yoyote?

Ndogo kuliko watu wanavyodhani. Huko Australia kuna chungu wa kundi la Myrmecia ambao mfanyakazi wao ana jozi moja ya kromosomu, na dume ana kromosomu moja tu, hakuna pungufu ya hapo. Kipepeo mdogo wa buluu wa milima ya Moroko na Aljeria, Polyommatus atlantica, ana jozi 229. Jenomu ya kipepeo huyu iliposomwa ilionekana kwamba kromosomu zake zilikatikakatika, lakini maandishi yenyewe yakabaki karibu yote. Kitabu ni kilekile, kimefungwa upya kwa majuzuu mengi zaidi. Na angalia hili: kromosomu za kawaida ndizo zilizokatika, za jinsi hazikuguswa sana. Kromosomu za jinsi zina desturi zake, na ndiyo sababu ya ukurasa huu.

Nani aligundua kwamba kromosomu zinaamua jinsi?

Wadudu ndio waliotufundisha. Mwaka 1891 Hermann Henking, Mjerumani aliyekuwa akichunguza korodani za mdudu mwekundu aitwaye Pyrrhocoris, aliona kitu kimoja cheusi kinachoingia kwenye nusu ya mbegu za kiume na kukosekana kwenye nusu nyingine. Hakujua ni nini, akakiita X. Herufi ile ya kutojua ndiyo tunayoandika mpaka leo.

Mwaka 1905 Nettie Stevens, katika chuo cha Bryn Mawr, Marekani, alihesabu kromosomu za mbawakawa wa unga. Jike alikuwa na kromosomu 20 kubwa. Dume alikuwa na 19 kubwa na moja ndogo sana. Akaandika kwamba mbegu yenye ile ndogo huzaa dume na mbegu yenye kubwa huzaa jike. Edmund Wilson alifikia jambo linalokaribiana na hilo mwaka uleule, na kwa muda mrefu vitabu vilimtaja yeye zaidi. Mimi naona hesabu ya Stevens ilikuwa wazi kuliko ya yeyote wakati ule, na inastahili kutajwa kwanza.

Kwa hiyo wadudu wote wana X na Y?

Hapana. Inzi wengi, mbu kadhaa na mbawakawa wengi wana XY. Panzi, kereng'ende na mende wengi hawana Y kabisa: jike ana X mbili, dume ana moja, basi. Vipepeo na nondo wamegeuza mpango, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, Z na W, na dume ana Z mbili. Nyuki, nyigu na chungu hawana kromosomu za jinsi hata kidogo. Vidukari nao wana njia yao: jike huzaa bila dume majira karibu yote, na akitaka kuzaa dume hutoa yai lililodondosha X moja.

Y inatoka wapi, na kwa nini huwa ndogo na mbovu?

Hili ndilo swali kubwa, nitakaa nalo.

X na Y zilianza zikiwa jozi ya kawaida, zinafanana kabisa. Siku moja kwenye mojawapo likatokea badiliko la jeni linalosema "huyu awe dume". Peke yake badiliko hilo halina madhara. Tatizo huanza linapopata majirani: jeni nyingine, hapo karibu, inayomfaa dume na kumdhuru jike. Sasa ni faida kwa hizo mbili kusafiri pamoja bila kuachana. Njia rahisi ya kuzifunga pamoja ni kipande hicho cha kromosomu kugeuka juu chini, kwa sababu kipande kilichogeuka hakiwezi tena kulingana na mwenzake na kubadilishana sehemu wakati mbegu zinatengenezwa.

Kule kubadilishana ndiko kunakoiweka kromosomu yoyote salama. Chukua daftari mbili zinazonakiliwa kwa mkono kizazi baada ya kizazi. Kila mnakili hukosea hapa na pale. Maadamu unaweza kuchukua kurasa nzuri za daftari hili na kurasa nzuri za lile, utapata daftari safi. Ukikatazwa kuchanganya kurasa, kila kosa linabaki mahali pake, na ukurasa mmoja mzuri sana utalazimika kubeba kurasa kumi zilizoharibika zilizoshonwa nao. X bado ina nafasi ya kuchanganya, kwani ndani ya jike ziko mbili. Y haikutani na mwenzake maisha yake yote. Makosa yanalundikana, vipande virukavyo vinajazana kwa sababu hakuna wa kuviondoa, jeni moja baada ya nyingine zinanyamaza.

Tunaweza kuyaona haya yakitokea. Kwa nzi wa matunda, dume habadilishani vipande kabisa, hata kwenye kromosomu za kawaida. Katika spishi iitwayo Drosophila miranda, kromosomu moja ya kawaida ilijiunga na Y kiasi cha miaka milioni moja hadi moja na nusu iliyopita. Tangu siku hiyo ikawa inarithishwa na madume peke yao, mlango wa kubadilishana umefungwa. Zaidi ya theluthi ya jeni zake zimekwisha kuharibika na vipande virukavyo vimejaa tele. Mwenzake wa zamani, aliyebaki upande wa X, yuko salama. Ni jozi iliyokuwa sawasawa, leo moja inasomeka na nyingine imejaa madoa, na kilichozitenganisha ni kule kukosa kuchanganya kurasa.

Kama Y inaoza, kwa nini haitoweki?

Mara nyingine inakwisha kweli. Panzi na mende ni ushahidi kwamba dume anaweza kuishi vizuri bila Y.

Lakini kuna jambo vitabu vya shule huwa havilisemi: Y hupokea jeni pia. Y ya nzi wa matunda wa maabara, Drosophila melanogaster, ina urefu wa herufi milioni 40 hivi lakini jeni zake za protini hazifiki 20. Unaweza kudhani ni mabaki ya X ya zamani. Siyo. Jeni zake zimehamia kutoka kwenye kromosomu za kawaida, na kazi yake kubwa ni mbegu za kiume. Mwaka 1916 Calvin Bridges alionyesha kwamba nzi mwenye X moja bila Y ni dume kamili kwa sura na tabia, ila hazai. Kwa hiyo kwa nzi huyu Y haitengenezi dume, inampa uzazi.

X ya wadudu ina umri gani?

Hapa ndipo ninapopenda kazi hii kuliko kwingine kote.

Kwa nzi wa matunda kuna kromosomu ndogo sana, ya nne, inayoonekana kama nukta kwenye hadubini. Ina jeni 80 hivi. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa kromosomu ya kawaida yenye tabia za ajabu: nzi aweza kuishi akiwa na nakala yake moja tu, na kuna protini maalumu inayoifunika yote nzima kana kwamba inarekebisha kitu. Mwaka 2013 Beatriz Vicoso na Doris Bachtrog walionyesha sababu. Nukta ile iliwahi kuwa X. Kwa nzi wa jamii nyingine, kama wale wa nyama, bado ni X hadi leo. Kwa mababu wa nzi wa matunda kromosomu nyingine ilichukua cheo, na ile ya zamani ikarudi kuwa raia wa kawaida ikiwa na tabia zake za enzi.

Kisha X ya mende wa Kijerumani ikachunguzwa, ikakutwa inabeba jeni zilezile za nukta. Mende na nzi wameachana zamani mno. Leo ushahidi unaonyesha kwamba X hiyo ilikuwepo kabla wadudu wenyewe hawajawa kundi, yaani zaidi ya miaka milioni 400. X yetu sisi mamalia haijafika hata nusu ya hapo.

Kwa hiyo una mambo mawili kwa pamoja: X iliyodumu kuliko zote tunazozijua, na ndani ya inzi peke yao, mipangilio tofauti zaidi ya dazeni. Kwa mbung'o, kwa mfano, vipande vitatu ambavyo kwa nzi wa matunda viko mbalimbali vimeungana kuwa X.

Je, X ya nzi ndiyo X ya binadamu?

La. Jina moja, asili tofauti. Zilianza kila moja kivyake.

Dume anaishije na X moja wakati jike ana mbili?

Jeni nyingi hufanya kazi kwa kushirikiana, na mshirika mmoja akitoa nusu ya kipimo, kazi inaharibika. Nzi wa matunda dume anatatua hilo kwa kuifanyisha X yake kazi maradufu: kundi la protini na RNA (molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye DNA) huikalia X nzima na kuiongezea kasi. Jike huzuia protini moja ya kundi hilo isitengenezwe, kwa hiyo X zake mbili zinakwenda mwendo wa kawaida.

Mbu wa malaria, Anopheles gambiae, naye anaiongezea X ya dume kasi, lakini kwa protini nyingine kabisa ambayo iligunduliwa mwaka 2023. Shida moja, vifaa viwili. Unapoona hivyo kwenye mageuko, ujue shida yenyewe ni nzito.

Nimesikia nzi wa nyumbani hana kanuni. Ni kweli?

Anayo, ila imehamahama. Jeni ya kutengeneza dume kwa Musca domestica, iitwayo Mdmd, ilitambuliwa mwaka 2017. Ilizaliwa kutokana na nakala ya jeni ya kawaida yenye kazi ya kukata na kuunga RNA katika kila seli. Kwa madume wengine iko kwenye Y. Kwa wengine iko kwenye kromosomu ya pili, au ya tatu, au ya tano. Pakiwa na madume wengi wenye nakala nyingi, imeonekana pia jeni yenye nguvu zaidi inayolazimisha jike hata kama Mdmd ipo. Yote haya ndani ya spishi moja, na wanazaana.

Jeni hizi huamrishana kwa ngazi, na ukishuka chini ya Mdmd hali ni tulivu. Iko jeni iitwayo transformer, na chini yake doublesex, inayotoa protini ya aina mbili: moja ya dume, moja ya jike. Doublesex iko kwa nzi, mbu, nyuki, kipepeo na mbawakawa. Kileleni kila spishi inabadilisha swichi, chini waya ni uleule. Mtu akiniomba nimwambie kitu kimoja tu kuhusu somo hili, ndicho hiki.

Na mbu?

Kwa mbu wa dengue, Aedes aegypti, huwezi kutofautisha X na Y kwa hadubini. Tofauti yote iko kwenye kipande kisichofika asilimia moja ya kromosomu ya kwanza, na ndani yake kuna jeni iitwayo Nix, iliyotambuliwa mwaka 2015. Jike akipewa Nix peke yake anageuka dume mwenye uwezo wa kuzaa, ila hawezi kuruka. Jeni ya misuli ya kurukia ya dume, myo-sex, ni jirani ya Nix, na mbu hawa hujamiiana hewani. Hao ndio majirani niliowataja kwenye swali la Y: jeni inayotengeneza dume, na pembeni yake jeni ambayo dume bila hiyo si kitu.

Kwa Anopheles gambiae, Y imekwisha tofautiana kabisa na X, na swichi yake ni jeni nyingine, Yob.

Dume wa nyuki hana baba kweli?

Kweli. Padri Johann Dzierzon alilieleza hilo mwaka 1845, kabla kromosomu hazijajulikana. Yai lililorutubishwa lina kromosomu 32 na huwa jike. Lisilorutubishwa lina 16 na huwa dume.

Lakini kinachoamua si hesabu ya kromosomu. Ni jeni moja, csd, iliyotambuliwa mwaka 2003, yenye aina nyingi sana. Yai lenye aina mbili tofauti huwa jike. Lenye aina moja huwa dume, na yai lisilorutubishwa haliwezi kuwa na zaidi ya moja. Malkia akipandwa na ndugu yake, baadhi ya mayai yaliyorutubishwa hupata aina mbili zinazofanana, yakawa madume ya kromosomu 32, yasiyo na faida. Wafanyakazi huwatambua mabuu hao saa chache baada ya kuanguliwa na kuwala. Ukifungua mzinga wenye tatizo hilo utaona sega la watoto lina matundu matupu yaliyotapakaa, kama meno yaliyong'oka. Ndiyo maana aina ngeni ya csd huenea upesi: anayeibeba ni nadra kukutana na mwenzake.

Mbona kwa vipepeo jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti?

Ndivyo ukoo wao ulivyo, na wametoka nao mbali. Kwa nondo wa hariri, W inatoa kipande kidogo cha RNA, kilichotambuliwa mwaka 2014, ambacho hukatakata ujumbe wa jeni ya udume iliyo kwenye Z. Hicho kipande hakitengenezi protini yoyote.

W hurithishwa na mama kwa binti tu, sawasawa na bakteria wanaoishi ndani ya mayai. Kwa hiyo bakteria hao na W wako chombo kimoja, na dume kwa bakteria ni mwisho wa safari. Baadhi yao huua viini vya kiume. Kwa kipepeo Hypolimnas bolina wa Samoa, mwaka 2001 madume walikuwa asilimia moja tu. Kufikia mwaka 2006 walikuwa wamerudi hadi asilimia 40 hivi, kwa sababu jeni ya kuwazuia bakteria ilienea. Miaka mitano! Kwa kipepeo mwingine, Danaus chrysippus wa Afrika Mashariki, W imeungana na kromosomu yenye jeni ya rangi, na bakteria wauao madume wameivuta kromosomu hiyo nzima ikaenea pamoja nao.

Ujuzi huu unatumikaje?

Kwa mbu hasa. Mwaka 2018 watafiti waliharibu sehemu ya doublesex inayotumiwa na jike wa Anopheles gambiae, kwa kifaa cha jeni kinachojirithisha kwa karibu watoto wote. Jike mwenye nakala mbili hazai wala haumi. Makundi ya mbu ndani ya vizimba vya maabara yalikwisha katika vizazi 7 hadi 11. Walichagua doublesex kwa makusudi: swichi ya kileleni ingeweza kubadilika na kukwepa, waya wa chini hauna pa kukimbilia. Kuwaachia mbu kama hao nje ni uamuzi wa jamii wanaoishi nao, na mimi nasimama hapo.

Naweza kuona kromosomu ya jinsi kwa macho yangu?

Ndiyo, na panzi ndiye mwalimu bora. Chukua panzi dume aliyekomaa, umpasue mgongoni. Korodani ziko upande wa juu wa tumbo, fungu la vijiba kama vidole vidogo, mara nyingi limefunikwa na mafuta ya manjano. Ziweke kwenye mchanganyiko wa alkoholi sehemu tatu na asidi ya asetiki sehemu moja. Weka vijiba viwili au vitatu kwenye kioo, dondoshea rangi ya oseini, subiri, funika, kisha kandamiza kwa kidole gumba kupitia karatasi bila kuteleza. Ukiteleza, anza upya. Mara yangu ya kwanza nilianza upya mara nne.

Panzi dume wengi wana kromosomu 23. Kwenye seli zinazojiandaa kugawanyika utaona jozi 11, nyuzi mbilimbili zilizoshikana, na pembeni kitu kimoja kilichokolea rangi kuliko vingine vyote, hakina mwenzake. Hiyo ni X. Sogeza kioo taratibu utafute seli iliyoanza kujivuta pande mbili. Jozi zote zinaachana, nusu huku na nusu kule, na ile X nzima inakwenda upande mmoja tu.